Mtungi wa Tatu

Inspekta Faudhia alifika Mabamba saa tano asubuhi, akakuta wanaume watatu wamepanda juu ya ushahidi wake wakipigwa picha.

Ushahidi wenyewe ulikuwa mtungi mweusi wa oksijeni, urefu wake unamfika mtu mzima kifuani. Saa tatu mtungi huo ulikuwa ndani ya karakana ya kuchomelea vyuma. Sasa ulikuwa mtaroni, ng'ambo ya barabara, hauna kichwa. Njiani ulipopita palikuwa na tundu kwenye ukuta wa tofali, benchi la muuza chai lililosagika, na mbuzi aliyevunjika miguu yote ya mbele ambaye hakuna aliyekumbuka hata kumchinja.

Koplo Lukmani aliwashusha wale watatu kwa kola za mashati.

"Afande, tulikuwa tunalinda bomu," mmoja akalalamika.

"Bomu lina namba ya kiwanda?" Faudhia akamwuliza. "Bomu limechongwa tarehe ya kupimwa shingoni? Nenda kamchinje yule mbuzi. Usirudi hapa kuniambia unalinda kitu."

Ndani ya karakana, Tamimu, mwenye mali, alikuwa chali kando ya meza ya kazi. Alikuwa ameungua upande wa kulia tu, kuanzia sikio hadi kiunoni, na upande wa kushoto shati lake lilikuwa safi hata vifungo havijalegea. Kipande cha shaba kilikuwa kimezama kifuani. Mkono wa kulia haukuwepo kuanzia kwenye kiwiko. Lukmani aliukuta chini ya meza, vidole bado vimeshika ufunguo wa kufungulia koki ya mtungi. Akatoka nje kidogo, akarudi na kamera.

"Piga kwanza mkono," Faudhia akasema. "Na ufunguo uonekane."

Kufikia saa hiyo simu ya mkuu wa upelelezi wa wilaya ilikuwa imeshaita mara mbili kutoka Kibondo, na swali lilikuwa hilo hilo: bomu, au si bomu? Mpaka wa Burundi uko hapo, unautazama. Likiwa bomu, wataalamu waitwe, njia ifungwe. Na kama ni bomu, mtupaji alishapatikana. Umati ulimpata ndani ya dakika kumi. Jina lake Nduwayezu, fundi wa Tamimu, mtoto wa wakimbizi aliyepata uraia wa Tanzania miaka mingi iliyopita, ambaye majirani humwita fundi wakiwa na geti limevunjika, na humwita Mrundi wakiwa na hasira. Walimpiga kwa mnyororo, kwa matofali na kwa mpini wa jembe. Askari wawili wa kituo kidogo cha hapo walimchomoa akiwa anatema damu, wakamkimbiza zahanati nyuma ya soko. Taya lilikuwa limevunjika, kwa hiyo hakuweza kusema neno. Gari la wagonjwa lilikuwa limeitwa kutoka Kibondo.

Faudhia alichuchumaa karibu na mwili. Alitafuta shimo sakafuni, hakuona. Alitafuta vyuma vidogo ukutani, vile ambavyo bomu la mkono husambaza kila upande, hakuona hata kimoja. Moto ulikuwa umepiga mstari mmoja tu, kutoka mahali mtungi uliposimama hadi kwa Tamimu. Mnyororo wa kuufungia mtungi ukutani haukuwepo. Ndoano yake ilikuwepo, ina kutu. Juu ya ndoano mtu alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu, kwa mkono uliotulia: OKSIJENI. MAFUTA MARUFUKU. FUNGA MNYORORO.

"Nani ameandika hapa?"

"Huyo huyo Mrundi," sauti ikajibu mlangoni. "Maneno mengi alikuwa nayo."

Mwenye sauti aliingia bila kukaribishwa. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mnene, jaketi la ngozi, na mikononi alibeba leso iliyofungwa vizuri. Alijitambulisha: Bazilio, dereva wa pikapu, analeta mitungi na mizigo kutoka Kasulu mara mbili kwa wiki. Yeye ndiye shahidi mkuu. Yeye ndiye aliyeona. Na kwa sababu polisi walichelewa, yeye ndiye aliyeokota bomu.

Alifungua leso. Faudhia akakitazama kitu kile kwa muda, kisha akakigeuza kwa ncha ya kalamu.

"Hiki ni nini?"

"Kichwa cha bomu, afande. Si unaona pete?"

"Naona uzi wa kufungia nati. Naona na kipande cha kioo chenye namba mia mbili. Hii ni saa ya presha, Bazilio. Hii ni regyuleta, kile kifaa kinachofungwa mdomoni mwa mtungi kupunguza nguvu ya gesi. Wewe unabeba mitungi kila wiki na hujui regyuleta?"

"Moto umeibadilisha sura."

"Haya. Niambie ulichokiona."

"Nilikuwa nimeshusha mtungi, nimeuingiza ndani. Nikatoka. Mrundi akasimama pale mlangoni, akarusha kitu, paa. Nikapiga kelele, watu wakaja."

"Alisimama mlango huu?"

"Huu huu."

"Akarusha kwa mkono gani?"

Bazilio alifikiri. "Wa kulia."

"Na wewe ulisimama wapi?"

"Kwenye pikapu."

Pikapu ilikuwa upande wa nyuma wa karakana, chini ya ukuta usio na dirisha. Kutoka pale hata mlango wenyewe ulikuwa hauonekani. Faudhia hakumwambia hivyo. Alimwomba abaki pale pale na Lukmani, amsimulie tena, polepole, yeye aandike. Watu wa aina hii hupenda kusimulia, ukiwapa msikilizaji hawaondoki.

Muuza chai aliitwa Zuleha. Alikuwa anaokota vikombe vyake kwenye matope, kimoja kimoja, akiviangalia kama vimepasuka. Faudhia alichuchumaa akamsaidia kuokota.

"Pole, mama."

"Nimeshapoa. Benchi ni mbao tu. Kama lingekuwa na mtu, ndiyo ningelia."

"Benchi halikuwa na mtu?"

Zuleha aliacha kuokota. Alitazama upande wa karakana, akashusha sauti. "Alikuwepo. Akanyanyuka kuongeza sukari. Ndiyo Mungu kamwokoa, ili wenzake wamuue."

"Nani?"

"Fundi Nduwayezu, mwanangu. Chai yangu alikuwa nayo mkononi. Hakuwa mlangoni, wala hakurusha kitu. Alikuwa hapa, umbali huu mimi na wewe."

"Alikujaje hapa, na ilikuwa saa ya kazi?"

"Tamimu kampiga kofi. Mtungi umeingia, fundi kautazama, kasema huu sifungui. Tamimu kasema fungua. Kasema sifungui, una mafuta, urudishwe. Wakabishana, nasikia mpaka hapa. Tamimu akamnasa kofi, akamwambia toka, nitafungua mwenyewe. Fundi akaja akakaa. Akaniambia, mama Zuleha, sogeza jiko lako huku. Ndiyo nilikuwa nasogeza."

"Hukuwaambia watu?"

"Niliwaambia wakiwa wameshampiga la kwanza. Mmoja akaniuliza, na wewe unamtetea, ni mmeo?" Zuleha aliweka kikombe kwenye beseni. "Nikanyamaza. Niandike hivyo, nilinyamaza. Naona aibu."

Faudhia aliandika. Kisha akavuka barabara akaenda mtaroni, akapiga magoti kwenye tope lile, sketi ya kazi na kila kitu. Mwaka juzi, Kasulu, aliwahi kuandika ripoti ya fundi aliyepoteza vidole vitatu kwa sababu alilainisha koki ya oksijeni kwa grisi. Kule ndiko alikofundishwa jambo ambalo watu wengi hawaliamini mpaka wawe wamezika mtu: oksijeni iliyoshindiliwa kwenye mtungi, ikikutana na mafuta, haihitaji kiberiti. Unafungua koki, inawaka yenyewe. Regyuleta inapasuka usoni kwako, na mtungi ambao haukufungwa ukutani unaanguka, unavunjika shingo, unaruka.

Aliupitisha mkono kwenye ubavu wa mtungi. Vumbi lilikuwa limeganda kwenye mstari mpana uliofutwa kwa kitambaa, ukafutwa vibaya. Alinusa vidole. Mtu wa Kigoma haambiwi harufu ya mawese.

Koki iliyovunjika Lukmani alishaipata chini ya vyuma chakavu. Nje ya uzi wake, pale nati inapozungukia, ulibaki ukanda wa rangi ya chungwa, mzito. Asubuhi za milimani kule ni baridi na mawese huganda. Ukipangusa, unapangusa ya juu. Ya ndani inabaki imekaa kwenye uzi, inasubiri.

Ndipo alipokwenda kwenye pikapu.

Nyuma kulikuwa na madumu ya njano ishirini na kitu, yamepangwa kwa ustadi. Kila dumu lilikuwa na mawese. Katikati ya madumu ulilala mtungi mmoja wa oksijeni, haujasimamishwa, hauna kofia yake ya chuma ya kulinda koki, umebanwa na madumu kushoto na kulia usibiringike. Dumu moja lilikuwa limepasuka mshono. Mawese yalikuwa yametambaa juu ya bati lote la sakafu, yakakauka na vumbi la njia nzima, isipokuwa mahali mitungi ilipolala. Hapo bati lilikuwa limebaki jeupe, michirizi mipana, mirefu.

Faudhia aliihesabu michirizi. Akaihesabu tena. Kisha akavuta kiti cha dereva mbele na kutazama chini yake. Alikuta tambara lenye rangi ya chungwa, kofia tatu za chuma za mitungi, na mnyororo.

Mnyororo ulikuwa mpya, wa kufungia mitungi isimame wima garini, na kibati cha bohari ya gesi ya Kasulu kilikuwa bado kinaning'inia. Ulikuwa na damu pete nne za mwisho, na nywele. Mnyororo huo ulitolewa ili usiue mtu. Bazilio alikaa nao chini ya kiti muda wote asiufunge mtungi hata mmoja, akaukumbuka leo, akaenda kumpigia nao mtu pekee aliyekuwa amesema ukweli. Faudhia alikasirika hadi masikio yakamwasha. Alitia mnyororo kwenye mfuko wa karatasi, akaandika saa, akasaini.

"Bazilio, njoo hapa."

Alikuja akitabasamu. Alipouona mfuko, tabasamu likakatika.

"Hizi kofia tatu ni za nini?"

"Za mitungi."

"Mbona ziko huku na mitungi iko kule?"

"Kofia ikiwepo kamba inateleza, afande. Mimi nafunga kamba shingoni, naburuta. Madumu yanabana, haiendi popote. Wote tunabeba hivyo."

"Bohari walikufundisha hivyo?"

Bazilio akafunga zipu ya jaketi.

"Walikwambia nini kuhusu mafuta?"

"Wanasema kila siku. Usibebe na mafuta, usishike na mikono ya mafuta. Lakini gari ni moja. Mawese yananisubiri Kasulu, mitungi inanisubiri Kasulu. Nifanye safari mbili?"

"Uliona dumu limepasuka."

"Nilifuta."

"Ulipofuta, ulimwambia Tamimu?"

"Nilifuta, nimesema."

"Na mlipuko uliposikika ulijua mara moja ni nini. Kabla moshi haujatoka. Ukamwona Nduwayezu amesimama kwa Zuleha na kikombe cha chai, na ulijua atasema. Ndiyo ukapiga kelele bomu."

Bazilio alijikuna shingo. Kwenye kucha zake zote kumi kulikuwa na ukingo wa chungwa. "Watu walikuja wenyewe," akasema.

"La kwanza alipiga nani?"

"Sikumbuki."

"Na kilichovunjwa ni taya, asiweze kusema," Faudhia akasema. "Bahati gani hiyo. Mfunge pingu, Lukmani. Kujeruhi, kwa sasa."

Lukmani alikuwa anamfunga, na Bazilio analalamika kwamba pingu zinambana, Faudhia alipoigeukia tena ile michirizi myeupe. Mtungi mmoja ulikuwa mtaroni. Mmoja ulikuwa umelala hapo mbele yake. Kofia ni tatu, na michirizi ni mitatu.

"Mtungi wa tatu uko wapi?"

"Upi?"

Alimshika jaketi kifuani kwa mikono miwili akamgongesha kwenye ubavu wa pikapu, na dumu moja likaanguka. Baadaye aliliandika hilo pia kwenye ripoti.

"Niliushusha asubuhi," Bazilio akasema haraka. "Zahanati. Ule wenye shingo nyeupe, wa wagonjwa."

"Uliufuta?"

"Ule nilikuwa sijaona bado kama dumu limepasuka."

Simu ya zahanati iliita, haikupokelewa. Faudhia alikimbia. Alipita katikati ya soko, kwenye migebuka iliyokauka na mafungu ya maharage, viatu vinateleza, watu wanapisha wakidhani kuna bomu jingine. Nyuma yake Lukmani alikuwa anamvuta Bazilio kwa pingu, nao wanakimbia.

Wodi ilikuwa chumba kimoja chenye vitanda vitano. Kwenye kitanda cha mlangoni alilala mama aliyejifungua asubuhi ile, kichanga kiko kifuani. Wazee wawili walikuwa wanashiriki kimoja wakisubiri kitanda kingine kibadilishwe shuka. Mwisho kabisa, dirishani, alikuwa Nduwayezu. Uso wake haukuwa na umbo la uso. Mbavu zilikuwa zimechoma pafu, na kila akivuta pumzi koo lilitoa mlio wa maji. Mkewe, Ininahazwe, alikuwa ameshika miguu yake juu ya shuka.

Nesi Maximilla alikuwa amesimama kando ya mtungi wenye shingo nyeupe. Ameshaufungia regyuleta. Mkono wake ulikuwa juu ya koki.

"Sista, toa mkono."

"Afande, mtungi wa zamani anaopumulia umefika kwenye nyekundu, una dakika chache..."

"Toa mkono. Usizungushe. Rudi nyuma."

Maximilla alirudi nyuma. Faudhia aliinama asiguse kitu, akamulika kwa tochi ya simu. Kuzunguka nati, pale chuma kilipokutana na chuma, palikuwa na ukanda mwembamba wa chungwa. Jua la dirishani lilikuwa limeshaanza kuuyeyusha. Tone moja lilikuwa linashuka.

Aliwaeleza kwa maneno machache. Mtungi kama huu ndio umemuua Tamimu. Ukifunguliwa utawaka, na chumba hiki kina watu.

"Niupanguse kwa spiriti," Maximilla akasema.

"Spiriti nayo inawaka. Ukishaingia mafuta hauna namna, unarudi kiwandani. Kuna mwingine?"

"Hakuna. Gari la wagonjwa wamesema wamefika nusu ya njia."

"Tumpakie kwenye gari langu."

"Bila hewa hafiki hata barabara kuu." Nesi alikuwa analia bila kutoa sauti, na bado anamshika mgonjwa mshipa wa mkono.

Ininahazwe aliinuka. Alizungumza Kiswahili chake cha taratibu, akitafuta neno moja moja. "Fungua. Toeni watu wote nje, mimi nitafungua. Nitabaki naye."

"Dada, hutafika hata kumwekea puani. Inapasuka hapo hapo unapozungusha."

"Basi ipasuke. Mmempiga hapana kosa, sasa mnamnyima na hewa?"

Ininahazwe alimpita Faudhia ubavuni na kuushika mtungi kwa mikono yote miwili.

Mkono wa Nduwayezu ulinyanyuka kutoka kwenye shuka. Vidole viwili vilikuwa vimevunjika, kwa hiyo alitumia vilivyobaki. Alilishika gauni la mkewe akalivuta, mara moja, kwa nguvu ambayo haikutarajiwa. Jicho lake moja lililofumbuka lilikuwa linaitazama ile nati. Alitikisa kichwa. Kisha akamtazama yule mama mwenye kichanga, akanyoosha kidole mlangoni. Fundi alikuwa anatoa amri ya karakana: toa mtungi huu nje.

Faudhia na nesi waliutoa, wima, wameukumbatia kama wanavyombeba mgonjwa, hatua kwa hatua, hadi kivulini upande wa pili wa uzio. Waliporudi Ininahazwe alikuwa amepanda kitandani, ameegemeza kichwa cha mumewe kifuani kwake, anamwambia maneno ya Kirundi sikioni. Mshale wa mtungi wa zamani ulilala kwenye sifuri. Mlio wa maji uliendelea muda mrefu kuliko nesi alivyodhani. Kisha ukawa unakuja kwa kusitasita.

"Saa saba kasoro dakika nane," Maximilla akasema.

Faudhia aliandika.

"Andika na kwamba hakutupa bomu," Ininahazwe akasema. "Nione ukiandika."

Faudhia alikaa ukingoni mwa kitanda, akaandika kwa herufi kubwa, akamgeuzia daftari asome. Mwanamke alisoma kwa kidole, mstari mzima. Akarudi mwanzo akasoma tena.

Nje, ua ulikuwa umejaa. Habari hutangulia gari la wagonjwa. Wanawake walikuwa wameshakaa chini na kujifunga vitenge, wanaume wamesimama, kofia mkononi, nyuso zimenyongeka vizuri kabisa. Wengine walikuwa na vumbi la tofali kwenye suruali. Bazilio alikuwa amefungiwa pingu kwenye nguzo ya tangi la maji.

"Lukmani, funga geti," Faudhia akasema. Akamgeukia Bazilio. "Nduwayezu amekufa. Kosa lako limebadilika. Sasa ni mauaji."

Bazilio alimtazama, akautazama ua. "Mimi nilipiga mara mbili. Mara mbili tu, afande. Hawa wote walipiga. Kwa nini nife peke yangu?"

"Sijasema utakufa peke yako. Nimefungua ukurasa mpya. Nitajie."

Mtu mmoja alijaribu kusogea kuelekea getini, akakuta Lukmani amesimama.

"Nianze na nani?"

"Anza na aliye karibu."

Bazilio aliinua mikono yote miwili kwa sababu ya pingu, akanyoosha. "Niyomwungere. Yule pale. Alipiga kwa tofali, kichwani, mara nyingi."

Niyomwungere alikuwa amebeba kiti kutoka kwake nyumbani ili mjane apate pa kukaa. Alikiweka chini taratibu, akakikalia mwenyewe.